Asilimia imeshuka, mama wadogo wameongezeka

Wadadisi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu walipopita mkoani Songwe mwaka 2022, wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata mimba. Hakuna mkoa mwingine uliofika hapo. Ruvuma ilifuata kwa asilimia 37, Katavi 34. Namba ya Songwe ilisomwa redioni na kutajwa majukwaani, na maelezo yake hayakuchelewa: Tunduma ni mji wa mpaka, foleni ya malori ya kwenda Zambia na Kongo haiishi, madereva wana fedha, mabinti wanataka simu. Kila mtu alikuwa na jibu.

Jibu hilo huenda lina ukweli wake, lakini namba yenyewe inataka kushikwa kwa uangalifu. Utafiti huo wa afya na idadi ya watu ulihoji wanawake 15,254 nchi nzima. Wa umri wa miaka 15 hadi 19 huwa kama moja ya tano yao. Wagawe hao katika mikoa 31 ya Bara na Zanzibar, utabaki na wasichana kama 100 kwa mkoa. Wakiongezeka kumi katika vijiji vichache vilivyobahatika kuchaguliwa, mkoa unaruka kutoka katikati ya orodha hadi karibu na kilele. Isitoshe, Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwanzoni mwa mwaka 2016, kwa hiyo katika utafiti uliotangulia haikuwapo kama mkoa. Hatuna namba yake ya zamani ya kulinganisha. Anayesema hali ya Songwe imezidi kuwa mbaya hana pa kuishikia kauli yake, na anayesema imetengemaa pia hana.

Katavi ni mfano mwingine. Mwaka 2015/16 ndiyo iliyokuwa ikinyooshewa kidole, kwa asilimia 45 ileile, huku Tabora ikiwa na 43 na Dodoma 39. Miaka sita baadaye Katavi imeshuka kwa pointi 11. Je, Mpanda na Mlele kumetokea mapinduzi ambayo hatukuyasikia? Sidhani. Yapo mabadiliko, na ipo bahati ya sampuli, na hakuna mtu anayeweza kutenganisha kimoja na kingine kwa kutazama mkoa mmoja katika mwaka mmoja. Ukitaka kujua nchi inaelekea wapi, rudi nyuma miaka thelathini na utazame taifa zima.

Utafiti wa kwanza wa mfululizo huu ulifanyika mwaka 1991/92. Wakati huo asilimia 29 ya wasichana wa umri huo walikuwa wamezaa au wana mimba ya kwanza. Mwaka 1996 wakawa 26. Mwaka 2004/05, bado 26. Mwaka 2010 wakashuka hadi 23, tukapiga makofi. Mwaka 2015/16 wakapanda hadi 27, makofi yakakoma. Mwaka 2022 ni 22, na hapo kuna jambo dogo ambalo waandishi wengi tulilipita: safari hii walihesabiwa pia wale ambao mimba zao ziliharibika, jambo ambalo zamani halikuwa ndani ya kipimo. Kwa kipimo cha zamani namba ya 2022 ingekuwa chini kidogo ya hapo.

Kuna kipimo cha pili, ambacho wataalamu wa idadi ya watu hukitegemea zaidi: wasichana 1,000 wa miaka 15 hadi 19 wanazaa watoto wangapi kwa mwaka. Mwaka 1991/92 walizaa watoto 144. Mwaka 2010 wakazaa 116, mwaka 2015/16 wakarudi hadi 132, na mwaka 2022 wakashuka hadi 112. Mteremko upo, lakini ni mteremko wa kusuasua, wenye kona na vilima, uliochukua kizazi kizima kupungua kwa chini ya robo.

Sasa chukua sensa. Mwaka 1988 Watanzania tulikuwa milioni 23.1. Mwaka 2022 tulihesabiwa milioni 61.7, zaidi ya mara mbili na nusu. Fungu la wasichana wa umri huu katika idadi ya watu halijabadilika sana, kwa kuwa taifa letu limebaki changa muda wote huo. Hesabu haihitaji kompyuta: kiwango kimepungua kwa chini ya robo, wasichana wameongezeka mara mbili na nusu. Watoto wanaozaliwa na wasichana hao kila mwaka leo ni kama mara mbili ya waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Waziri anayesimama na kusema mimba za utotoni zimepungua anasema kweli. Mkunga wa zahanati anayesema siku hizi anawapokea wengi kuliko alipoanza kazi naye anasema kweli. Bajeti ya wodi ya wazazi, vitanda, damu salama na upasuaji hupangwa kwa idadi ya watu, si kwa asilimia, na kwa hesabu hiyo mkunga ndiye wa kusikilizwa.

Nani anazaa mapema? Hapa takwimu hazibabaishi. Mwaka 2015/16, kati ya wasichana ambao hawakuwahi kukaa darasani, asilimia 52 walikuwa wameanza uzazi. Kati ya waliofika sekondari, asilimia 10. Hakuna pengo jingine linaloikaribia tofauti hiyo, hata lile la mjini na kijijini, ambapo ni 19 kwa 32.

Msomaji makini atauliza: si kwamba mimba ndiyo iliyowatoa shuleni, badala ya shule kuwaepusha na mimba? Ni swali la haki. Binti aliyefukuzwa akiwa darasa la saba kwa sababu ya mimba huandikwa kwenye fomu ya mdadisi kuwa ana elimu ya msingi, na hivyo huongeza aibu ya kundi hilo. Ila yule ambaye hakuwahi kuandikishwa hakufukuzwa na mtu. Yeye alikuwa nyumbani tangu mwanzo, akichunga, akilea wadogo zake, akisubiri mchumba. Na ndiye anayeongoza.

Kwa hiyo historia ya namba hizi, kwa sehemu kubwa, ni historia ya madarasa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini sekondari ilikuwa ya wachache mno. Kijana wa kijijini aliyechaguliwa kwenda kidato cha kwanza alisindikizwa na ukoo mzima hadi kituo cha basi. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Mwaka 2004 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, na baada ya uchaguzi wa 2005 Serikali ya awamu ya nne, Waziri Mkuu akiwa Edward Lowassa, ikaamua kila kata iwe na sekondari yake. Wananchi wakachangishwa tofali, mchanga na fedha, wengine kwa hiari, wengine kwa kukimbizana na mgambo. Sekondari ambazo mwaka 2003 zilikuwa kama elfu moja nchi nzima, kufikia 2010 zilikuwa zaidi ya elfu nne.

Shule za kata zilichekwa sana: hazina walimu wa sayansi, hazina maabara, hazina hata choo cha maana. Yote yalikuwa kweli. Lakini zilimweka binti wa miaka 15 katika sare ya shule kwa miaka minne zaidi, na namba ya 2010 ikashuka.

Zilikuja pia na hatari zake. Kata moja ya Tabora au Rukwa inaweza kuwa na vijiji ambavyo mtoto anatembea saa mbili kufika shuleni. Wazazi wakawapangia mabinti vyumba karibu na shule, magheto, ambako msichana wa miaka 14 anajipikia, analala peke yake au na mwenzake, anajitafutia mkaa na sabuni kwa fedha inayotumwa nyumbani ikipatikana. Mwenye bodaboda anampa lifti asubuhi na hadaiwi nauli. Jioni kuna chipsi mayai. Mwaka 2008 lilianzishwa tangazo la redio la Fataki, mzee anayewawinda wanafunzi, na nchi nzima ikacheka na kulishika jina. Kampeni ilikuwa nzuri. Haikujenga bweni hata moja, kwa kuwa hiyo haikuwa kazi yake. Ilikuwa kazi ya halmashauri, na mpaka leo ukipita vijijini utakuta sekondari yenye jengo la utawala lililopakwa rangi na wasichana wake wamepanga mtaani.

Kwa nini basi namba zilipanda tena mwaka 2015/16? Sehemu yake yaweza kuwa sampuli. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ni kuvunjika moyo. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, watahiniwa wengi walipata sifuri, kelele zikawa kubwa hadi matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Mzazi aliyeuza mbuzi kulipa ada, michango na kodi ya gheto akauliza: kumbe tunapeleka mtoto kufanya nini? Kanda ya Ziwa na magharibi, ambako binti akiolewa huleta ng'ombe nyumbani, jibu lilikuwa karibu. Ni kawaida kusikia walimu wa huko wakieleza wazazi wanaowaagiza mabinti wa darasa la saba wajibu mtihani vibaya makusudi, wafeli, ili mambo ya mchumba yaendelee bila Serikali kuuliza.

Halafu likaja anguko la kutoka 27 hadi 22. Hapa pana ubishi unaostahili kufanywa waziwazi, kwa sababu miaka hiyo sita ndiyo pia miaka ya katazo kali. Juni 2017, akiwa ziarani mkoani Pwani, Rais John Magufuli alitamka kwamba mwanafunzi atakayepata mimba hatarudi shuleni katika utawala wake. Kuna watu hadi leo wanaamini ukali ule ndio ulioshusha namba. Nimewasikia wakisema hivyo kwenye daladala, misikitini, makanisani, na kwa wabunge.

Tuitazame hoja hiyo bila hasira. Kumfukuza mwanafunzi mjamzito hakukuanza mwaka 2017. Kanuni za mwaka 2002 za kuwafukuza wanafunzi zilitoa mwanya huo kwa kosa dhidi ya maadili, na kabla ya kanuni hizo shule zilikuwa zikifanya hivyo kwa mazoea tu. Mabinti walipangwa mstari kupimwa mimba tangu enzi za wazazi wetu. Kama kufukuza kungekuwa kunazuia, namba isingebaki 26 mwaka 2004/05, wala isingepanda hadi 27 mwaka 2015/16. Ukali ulikuwapo miaka yote hiyo. Kilichokuwa kipya baada ya 2015 ni elimu bila ada hadi kidato cha nne, iliyoanza Januari 2016, na wanafunzi wakafurika hadi madawati yakawa gumzo la taifa. Rais yuleyule aliyetoa katazo ndiye aliyefungua mlango wa darasa, na ukiniuliza lipi kati ya hayo mawili lilifanya kazi, nitakuonyesha mlango.

Kwa upande mwingine, wanaharakati nao wasijitwalie ushindi usio wao. Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza Novemba 2021 kwamba waliojifungua wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Wadadisi walikuwa mitaani kuanzia Februari 2022. Uamuzi huo ni mzuri, nauunga mkono bila kigugumizi, lakini haukuweza kushusha wala kupandisha namba ya mwaka huo. Kazi yake ni nyingine: kuhakikisha mimba ya kwanza haifuatwi na ya pili ndani ya miaka miwili kwa binti ambaye hana tena cha kufanya. Na kurudi shuleni si suala la waraka peke yake. Mtoto ataachwa na nani? Bibi naye yuko shambani. Baadhi ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo viko 54 nchini, vimeanza kupokea mama wadogo na kuwawekea sehemu ya kulelea watoto wakati mama yuko darasani. Hilo ni jambo dogo kwa gharama na kubwa kwa matokeo, na sijui kwa nini halijawa la kila wilaya.

Sheria zetu, kwa upande wake, zimekaa kama nyumba iliyojengwa na mafundi wasiosemezana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vifungu vya 13 na 17, inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, wakati mvulana anatakiwa awe na 18. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inasema kulala na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akikubali, isipokuwa kama ni mkeo mwenye miaka 15 au zaidi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanampa kifungo cha miaka 30 anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi. Unganisha zote tatu uone: mabinti wawili wa miaka 15 katika kijiji kimoja, mmoja yuko kidato cha pili, mwenzake aliishia darasa la saba. Anayemgusa wa kwanza anakwenda jela miaka 30. Anayetaka wa pili anapeleka posa.

Mwanasheria Rebeca Gyumi aliipeleka Serikali Mahakama Kuu, na mwaka 2016 akashinda: vifungu vya 13 na 17 vikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo, na kifungu kikabaki kinatakiwa kurekebishwa ndani ya mwaka mmoja. Mwaka huo ulipita bila Bunge kukigusa. Tuliambiwa maoni ya wadau bado yanakusanywa, wakiwamo viongozi wa dini.

Na ile miaka 30 ya jela, kijijini inafanya nini? Inafanya familia zikae chini usiku. Baba wa binti na wazee wa upande wa kijana wanakubaliana idadi ya ng'ombe au kiasi cha fedha, binti anafundishwa kusema hamfahamu aliyempa mimba, shahidi hatokei mahakamani, jalada linafungwa. Adhabu ikiwa kubwa kiasi kwamba inambomoa jirani yako, ndugu yako au mkwe wako mtarajiwa, watu huizunguka. Mwendesha mashtaka yeyote wa wilaya anajua hivyo.

Wapo wanaosema yote haya ni umaskini tu; nchi ikitajirika yatakwisha yenyewe. Takwimu za 2015/16 zinawapa nguvu kiasi: katika kaya maskini kabisa ilikuwa asilimia 42, katika kaya tajiri 13. Lakini tazama majirani. Burundi ni maskini kuliko sisi kwa kipimo chochote, na utafiti wake wa 2016/17 ulikuta asilimia 8 tu ya wasichana wameanza uzazi. Rwanda, mwaka 2019/20, asilimia 5. Kenya, yenye uchumi mkubwa kuliko nchi hizo mbili, mwaka 2022 ilikuwa na asilimia 15. Uganda imekwama kwenye 24 au 25 tangu mwaka 2006. Umaskini haupangi orodha hii. Inapangwa zaidi na umri wa kuolewa: Burundi na Rwanda binti hachukuliwi kuwa amechelewa akifika miaka 20 bila mume, na Rwanda sheria yake iliweka miaka 21 kwa muda mrefu.

Hata hatuhitaji kuvuka mpaka. Zanzibar mwaka 2015/16 ilikuwa na asilimia 8, wakati Bara ilikuwa na 28. Na jambo linalovutia ni kwamba Zanzibar haijafika hapo kwa vidonge wala vipandikizi. Wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia za kisasa za uzazi wa mpango Zanzibar walikuwa asilimia 14, Bara 32. Pemba wanawake wanazaa watoto wengi kuliko wastani wa taifa. Wanachotofautiana na sisi ni kwamba wanaanza wakiwa wakubwa, baada ya skuli na chuo. Yaani jamii inaweza kupenda watoto wengi, ikashika dini yake barabara, ikakwepa uzazi wa mpango, na bado ikakataa kumwoza binti wa miaka 15. Wale wanaohofia kwamba kubadili Sheria ya Ndoa ni kuipiga vita dini wangeanzia safari yao Wete au Mkoani, huko Pemba.

Sisemi uzazi wa mpango hauna kazi. Binti wa Songwe aliyekwisha kuanza mapenzi anahitaji huduma bila kusimangwa na muuguzi anayemjua mama yake, na kisimango hicho ndicho kinachowafanya wengi wasikanyage zahanati mpaka tumbo lionekane. Wanaochelewa kliniki ndio wanaofika na shinikizo la damu, kifafa cha mimba na uchungu wa siku mbili. Baadhi ndio tunaokuja kuwaona wakitibiwa fistula katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, wakiwa wameshakimbiwa na kila mtu.

Namba zote za mimba na uzazi nilizotumia hapa, tangu 1991/92 hadi 2022, zimetoka katika mfululizo mmoja wa tafiti zilizogharamiwa kwa sehemu kubwa na fedha za Marekani. Februari 2025 Marekani ilisitisha mpango wa tafiti hizo duniani kote, na kilichookolewa baadaye kwa fedha za wahisani wengine ni sehemu tu. Ndugu wabunge, mnapokaa kujadili bajeti, kuna mambo mawili ambayo hayahitaji mhisani: fedha za Ofisi ya Taifa ya Takwimu za kuwahesabu mabinti hawa mara nyingine, safari hii pamoja na wale wa chini ya miaka 15 ambao dodoso halijawahi kuwauliza, na kura ya kukifuta kifungu cha 13 ambacho mahakama ya juu kabisa ya nchi iliwataka mkirekebishe tangu mwaka 2019.